Chuo Kisicholazimisha Masomo

Mimi nilikuwa nimeshaamua zamani. Aliyebaki ni baba. Chuo nilichokitaka kiko Buffalo, na hakimlazimishi mtu masomo ya jumla: ukipenda kemia, siku ya kwanza unaingia maabara. Mimi na kemia, jamani, hatutenganishiki! Lakini kwetu binti haendi kuishi mji mwingine hivi hivi. Lazima familia ikae, iombe, ikubaliane. Basi tukakaa Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwetu mtaa wa Iroquois, kusini mwa Louisville, baba mdogo akiwa kwenye simu kutoka Columbus.

"Donc chuo inakuachilia ujichagulie mwenyewe?" baba alianza, kwa Kiswahili chake cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa. "Bon, hiyo si shule, hiyo ni soko. Shule ya kweli iko na masharti."

Nilichemka. Mdomo wangu huu hauna breki. "Baba, ulipoingia chuo kikuu kule Bukavu, mwaka wa kwanza ulisoma nini?"

"Kilimo. Udongo, mbegu, wadudu."

"Hawakukulazimisha muziki? Historia ya dunia?"

"Ya nini? Mimi niliingia kusoma kilimo!"

Baba mdogo, ambaye humwita baba Yaya, yaani kaka mkubwa, akaangua kicheko kwenye simu. "Yaya, huyu amekukamata!"

Kisha akaacha kucheka. Yeye alikuja nchi hii akitaka uuguzi, wakamzungusha kwenye masomo mengine, mara hotuba, mara sanaa, hadi akachoka na kuacha. Sasa anawaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. "Hata sindano sikushika," alisema. "Muache mtoto aende."

Macho yote yakamgeukia baba. Hapo ndipo mimi, mjuaji wa nyumba, nilipoogopa kweli. Baba akikataa mbele ya kikao, imekwisha. Hakuna atakayeligusa tena neno hilo.

"Mimi nilisoma kile nilipenda mwaka moja tu," baba akasema. "Vita ikaja. Mwaka moja tu, mama." Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Weye enda, usome yako yote."

Akasimama, akaniwekea mkono kichwani, akaanza kuniombea. Sauti ilimkatika kabla ya kufika amina, ikabidi mama amalizie.