Kathini na Mti wa Mswaki

"Mmea ukifia mkononi mwangu, jueni ulikuja ukiwa maiti."

Kathini aliyasema hayo kanisani Tulia, Jumapili ya mavuno, akiwa amekumbatia boga kubwa kuliko kichwa cha mchungaji. Watu wakaitikia amina. Shemeji yake, Mutisya, hakuitikia. Alisimama.

"Basi fufua ule mti wa marehemu mama, ulio nyuma ya jiko lako. Mvua ikiisha bila ua hata moja, naung'oa, najenga banda la mbuzi hapo."

"Na ukichanua?"

"Banda nitajenga kwangu, mbuzi walale wakisikia nikikoroma."

Kanisa likacheka, lakini Kathini hakucheka. Bwanake, Mwau, ni dereva wa lori, na huonekana nyumbani kwa nadra kama mvua yenyewe. Mutisya alikuwa ameanza kujiona mwenye boma. Leo angechukua nyuma ya jiko, kesho jiko.

Na mti wenyewe ulikuwa aibu. Matawi makavu yenye miiba, majani machache kama meno ya mzee. Jina lake hakuna aliyelijua. Mama mkwe aliutoa Mombasa alikokuwa yaya, akaupanda, akafa na jina lake. Boma zima liliuita mti wa mswaki, maana kila asubuhi kila mtu alivunja kijiti akatafuna. Miaka nenda miaka rudi mti unaishia midomoni mwa watu, halafu watu haohao wanauliza mbona haukui.

Kathini alianzia hapo. Alitangaza kwamba atakayevunja kijiti tena atapigishwa mswaki kwa jembe. Mvua ya Novemba ikiwa bado, akayakata matawi yote mazee, akabakisha visiki vya kufika magotini.

Mutisya akapita. "Asante shemeji, umenipunguzia kazi."

"Pita tu."

Akalundika samadi iliyooza, ya mbuzi wa Mutisya, akamwagia maji ya kuoshea mboga. Mvua ilipokuja, visiki vikachipuka kwa fujo. Ikabidi apunguze machipukizi dhaifu. Aliyapukusa majani kwa mikono iliyolowa, akiyaponda bila kujali, akaenda kulala. Asubuhi viganja vyake vilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva.

Akasugua kwa sabuni. Akasugua kwa majivu, kwa ndimu. Wapi!

Kwenye mazoezi ya kwaya, Mama Mbithi, kiongozi wa maombi, alivigeuza vile viganja mara moja tu akatoa hukumu: ini. Wanakwaya wakamzunguka, wakaliombea ini la Kathini kwa machozi, ini la watu ambalo halikuwa limekosea mtu. Mutisya aliposikia akasema mti umeanza kulipiza kisasi.

Kathini akaendelea kunyweshea, ini au bila ini. Siku moja akaenda sokoni kununua sukari kwenye duka la Ismahan. Badala ya kupokea pesa, Ismahan akaushika mkono, akaunusa.

"Mama, nani anaoa kwenu?"

"Nani aoe? Mimi naumwa ini."

"Ini gani! Hii ni hina. Tena ya majani mabichi! Umeitoa wapi, na mimi nauza ya pakiti iliyokaa mpaka ikasahau kazi yake?"

Jioni hiyo Ismahan alikuja kuuona mti mwenyewe. Akaponda jani, akatikisa kichwa kwa furaha. "Usiukate tena sasa. Maua yake ni madogo. Utayanusa kabla hujayaona."

Mvua ikaisha. Mutisya akaja asubuhi, jembe begani, hata salamu hakutoa. Alipofika kona ya jiko akasimama, pua juu.

"Shemeji, unaenda wapi umejipaka marashi hivi?"

"Mimi nanuka moshi wa kuni. Hebu inua macho."

Vishada vya maua meupe yenye umanjano vilikuwa vimejaa kwenye ncha za matawi, na nyuki walikuwa wamemtangulia kufika. Mutisya akateremsha jembe.

Siku hizi banda la mbuzi liko kwa Mutisya, chini ya dirisha lake. Mama Mbithi ana kucha za rangi ya chungwa, na hakuna aliyemwombea ini. Juzi Mutisya alikuja kuomba kijiti akapande, akikumbusha kwamba wao ni ndugu. Kathini akamchagulia kizuri, akakifunga kwa gazeti lililoloweshwa, kisha akanyoosha kiganja.

Kijiti cha kupanda ni shilingi mia mbili.