Maji ya Chumba cha Sita

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi ya ujenzi haikunipunguzia hata chembe. Nilipotumwa Kigoma kutoka Tanga kusimamia ujenzi wa maegesho mapya ya ndege, niliambiwa ni kazi ya miezi mitatu, nikafungasha nguo za miezi mitatu. Mwezi wa nane tangu nifike bado nilikuwepo, nimeshashonesha magauni mawili kwa fundi wa mtaa wa Gungu, na viatu vyangu vimekuwa rangi moja na udongo wa pale.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, kulikuwa na vita, na watu walivuka kwa maboti wakashuka popote boti lilipogusa mchanga. Chakula chao kilikuja kwa treni, lakini dawa na vitu vya haraka vililetwa kwa ndege, na zile ndege kubwa zilikuwa zikididimiza magurudumu kwenye changarawe kila zilipoegeshwa. Ndiyo maana tukaambiwa tumwage sakafu ya zege. Kila mtu aliihitaji sakafu ile jana, kuanzia wakubwa wa Dar es Salaam mpaka mama aliyetupikia chai.

Tulimwaga zege kwa vipande vya mraba, kila kimoja kikubwa kama darasa. Mafundi waliviita vyumba, na kila chumba kilikuwa na namba yake. Watu wengi hudhani kwamba zege likishakauka ndiyo limekuwa gumu. Si hivyo. Zege likikauka mapema linakufa. Linatakiwa kunyweshwa maji siku saba mfululizo ili likomae, na kwa jua la kiangazi cha Kigoma, kumwagia kwa ndoo ni kujidanganya. Sisi tulikuwa tunazungusha kituta cha udongo pembeni mwa kila chumba, kisha boza letu linaleta maji ya ziwa na kuyajaza mle ndani mpaka kina cha vidole vitatu. Ukitazama kutoka mbali unaona madimbwi safi ya mraba, yamepangana, yanang'aa. Mimi niliyapenda kuliko ninavyoweza kueleza.

Mnyapara wangu alikuwa mzee wa Ujiji, mzaliwa wa pale, ambaye babu zake nao walitoka Kongo zamani. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu nikaanza kumfokea. Alishazoea. Alikuwa akisubiri nimalize, kisha ananiambia chai inapoa.

Katika wiki ya kumwaga chumba cha sita, maboti mengi yaliingia kwa mkupuo, na malori ya kupeleka watu kambini hayakutosha. Wakimbizi mia kadhaa wakawekwa kwenye uwanja mtupu nje ya uzio wetu, wangoje siku moja. Siku moja ikawa wiki mbili. Tangi la maji waliloletewa lilikuwa likiisha kabla jua halijapanda. Nililiona hilo, siwezi kusema sikuliona. Nilijiambia kuna watu wanaohusika na wakimbizi, na mimi ninahusika na zege.

Asubuhi moja nikakuta chumba cha sita kikavu. Vyumba vingine vyote vilikuwa vimejaa, hicho kimoja hakina hata tone. Nilimwambia mnyapara kituta chake kimevuja na kwamba amezeeka. Akakizunguka kituta chote akikibonyeza kwa kidole gumba, akasema hakuna palipovuja. Tukajaza upya. Kesho yake, kikavu tena. Siku ya tatu niliamka alfajiri nikaenda mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba mlinzi wetu wa usiku anauza maji yangu.

Niliwakuta kina mama. Walikuwa wamepanga foleni kuanzia kwenye upenyo wa uzio hadi pembeni mwa chumba cha sita, kimya kabisa, na sufuria, ndoo na madumu yaliyokatwa shingo. Kandambili zao walikuwa wamezivua na kuzipanga kando ya zege, kama watu wanaoingia mahali wanapopaheshimu. Bibi mmoja mwembamba, amejifunga kitenge cha kijani, alikuwa amesimama ndani ya maji na kopo mkononi. Kila anayefika alimpimia makopo manne, hazidishi, hapunguzi.

Sikuuliza kitu. Nilipiga kelele ambazo nadhani zilisikika sokoni, nikamnyang'anya wa kwanza niliyemfikia ndoo yake na kuyamwaga maji yote chini, juu ya zege. Kwa bahati mbaya niliyemfikia alikuwa yule bibi mwenyewe. Alikuwa amewapimia wengi kabla ya kujipimia, na ndoo ile ndiyo aliyokuwa amejichotea yeye. Aliitazama ikimwagika. Hakunifokea wala hakuinua mkono.

"Mama, utusamehe," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Tuliona maji imewekwa vizuri, tukasema batu ya Tanzania ndio walituwekea."

Akanieleza, na mnyapara wangu, ambaye alikuwa amefika akihema, akanifafanulia nilipokwama. Walipoyaona yale madimbwi siku ya kwanza walikubaliana kwamba ni visima vya wageni. Wakaambizana wasiwe walafi. Wachague kimoja tu, wachote humo humo, vile vingine wavihifadhi, kwa kuwa kuna wenzao waliokuwa bado ziwani. Ndiyo sababu chumba cha sita pekee ndicho kilichokauka. Laiti wangekuwa watu wa kugombania, wakajichotea huku na huku, nisingegundua, na hakuna chumba ambacho kingeharibika. Ustaarabu wao ndio ulioniharibia kazi. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga mtu.

Kisha nikakumbuka kitu kingine. Maji yanayokaa juu ya zege changa hunyonya ukali wa saruji. Yanachoma. Nikamuuliza yule bibi kama waliyanywa. Akasema wameyanywa siku tatu, na mjukuu wake wa kike, wa miaka miwili, amevimba mdomo na anakataa kunyonya. Akaniambia hivyo bila lawama yoyote, kama mtu anayetoa habari za nyumbani.

Nilimbeba yule mtoto mwenyewe hadi kwenye hema la muuguzi. Ndani ya midomo yake mlikuwa na vidonda vyeupe. Muuguzi alimsafisha, akaniuliza amekunywa nini. Nikamwambia. Akasema atapona, lakini apate maji safi, mengi, na wenzake wote wapate hayo hayo. Nilipotoka pale nilimwendea dereva wa boza na kumwambia kuanzia siku ile safari ya kwanza na ya pili ni za watu, ya tatu ndiyo ya zege.

Boza lile lilikuwa limekodiwa kwa ajili ya ujenzi tu, na mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote kwa sababu karatasi nilitia saini mimi. Mnyapara akanikumbusha kwa upole wake wa kunikera.

"Mama Injinia, zege lako limepata wateja," akasema. "Sasa mwenye duka atakuja."

Tulihangaika. Nilituma mtu Kalinzi kwa wakulima wa kahawa akaazime magunia ya katani, tukayalowesha na kuyatandika juu ya vyumba ili yashike unyevu. Hayakutosha. Kina mama walipoelewa kwamba zege nalo lina kiu, wakaleta vitenge vyao wakishavifua, vikiwa vinachuruzika maji, wakavitandaza kwenye chumba cha sita. Vibarua wa Kalinzi waliokuja asubuhi na salamu zao za "mwakeye" walisimama wakacheka mpaka wakakaa chini. Uwanja wa ndege ulikuwa umevaa. Mimi nilizunguka nikiwafokea kina mama wageuze pindo hili, wavute lile, nao wakacheka nami nikacheka, na nadhani hizo ndizo siku nilizoipenda kazi yangu kuliko zote.

Lakini chumba cha sita kilikuwa kimeshakosa maji siku zake za mwanzo, na siku hizo hazirudi. Vitenge vilipotolewa nilikwangua kwa ufunguo, vumbi likatoka. Palikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Mkaguzi alikuwa anakuja kutoka Dar es Salaam baada ya siku tatu, na nilijua lazima angeziona.

Hofu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ajira yangu. Ya pili ni kwamba mkaguzi akiandika kuwa wakimbizi waliingia na kuharibu mali ya uwanja, wangeondolewa siku ile ile na kurudishwa ufukweni, kwenye mchanga usio na kivuli, na boza lisingewafuata kule. Malori bado yalikuwa yanakuja mawili matatu kwa siku. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunyonya tena.

Kwa hiyo tukapanga uongo. Boza liliharibika siku nne, spea ikasubiriwa, chumba cha sita kikakosa maji. Dereva alikubali, mnyapara alikubali. Mimi, ambaye sijawahi kudanganya juu ya zege, niliufanyia mazoezi uongo huo mbele ya kioo kama mtoto anayekariri shairi la shule.

Mkaguzi alikuja. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye nyundo ndogo. Aligonga chumba baada ya chumba akisikiliza, na alipofika cha sita akagonga mara mbili, akachuchumaa, akakwangua. Akauliza kilichotokea. Nikaanza kusema boza. Sikuwa nimefika mbali alipoinua macho akaona foleni kwenye boza hilo hilo, upande wa pili wa uzio, na mbele ya foleni yule bibi akiwapimia watu. Akamwita. Alimwita kwa heshima, akamwambia shikamoo kwanza.

Akamuuliza kama wamewahi kuchota maji pale juu ya zege. Nilimkazia macho yule bibi nikitumaini atakataa.

"Ndiyo, baba, tulichota," akasema. "Siku tatu."

"Nani aliwaruhusu?"

Bibi akanitazama. Mimi ndiye niliyemnyang'anya ndoo. Angeweza kusema hakuna aliyewaruhusu, ingekuwa kweli. Angeweza kusema nilivyofanya, nayo ingekuwa kweli.

"Ni huyu mama alitupatia," akasema.

Mkaguzi akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli. Dereva alikuwa ananitazama, mnyapara alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa na jibu moja la kuokoa kazi yangu, na jibu hilo lingemfanya yule bibi kuwa mwizi na mwongo mbele ya wenzake, na jioni wangekuwa ufukweni wote. Siwezi kujisifu kwamba nilifikiri sana. Mdomo ulisema wenyewe.

"Ndiyo. Niliwapa mimi."

Akaandika. Aliandika kwamba msimamizi alitoa maji ya kazi kwa matumizi mengine, kwa uamuzi wake. Chumba cha sita kivunjwe na kumwagwa upya. Juu ya wakimbizi hakuandika neno, kwa kuwa mtu aliyepewa kitu hajaharibu. Walikaa pale mpaka lori la mwisho lilipowachukua, na yule mtoto alipanda akiwa mgongoni mwa bibi yake, analilia mua. Mnyapara alinisimulia hayo kwa barua, maana mimi nilikabidhi funguo wiki ile ile nikapanda treni.

Nililia njia nzima mpaka Uvinza, abiria mwenzangu akadhani nimefiwa, akanipa chungwa. Kazi sikuililia, nilipata nyingine. Nilikuwa namlilia yule bibi, kwa jinsi alivyonitazama baada ya mimi kusema niliwapa mimi. Hakunitazama kama mtu aliyenifichia siri. Alinishukuru kwa kichwa, taratibu, kana kwamba maji yale kweli niliyaweka kwa ajili yao tangu siku ya kwanza.