Siku Baba Alipokataa Kurudisha Ngumi

Baba yangu alikuwa mpasua mbao kule Kilolo, na mikono yake ilikuwa mizito. Akishalewa ulanzi, sisi watoto tulikimbilia kwenye mahindi. Mama hakukimbia, kwa hiyo alipata yote. Siku moja, katika ile miaka ya hamsini, baba alimvunja mkono kwa mpini wa shoka, kisa ugali umepoa. Kesho yake akapanda lori kwenda Mbeya kutafuta kazi, tukashukuru.

Alirudi baada ya mavuno, amekonda, hanuki pombe. Akasimama uani.

"Mama watoto, nimeokoka. Nimezaliwa mara ya pili."

Mama alikuwa anapepeta ulezi. Hakuinua uso. "Na yule wa kwanza, aliyenivunja mkono, umemwacha wapi?"

Jumapili baba alisimama kanisani akataja yote aliyomtenda mama, mpaka mchungaji akamwomba akae. Mama alitoka nje kabla hajamaliza. "Aibu ile ilikuwa yangu," aliniambia njiani, "yeye kaitangaza kama mali yake."

Habari zikamfikia mjomba, kaka yake mama, huko Ilula. Alikuja asubuhi na rungu, akamkuta baba ananoa msumeno. Hakusalimia. Pigo la kwanza lilimpata baba begani, la pili mdomoni, na meno yakadondoka na damu. Baba angeweza kumkunja mjomba kama mkeka. Niliona ngumi zake zikijifumba. Akazibana makwapani, akapiga magoti.

"Shemeji, una haki," alisema, mapovu mekundu yakimtoka.

"Inuka upigane, mbwa wewe!" Mjomba alikuwa analia. Aliendelea kumtwanga mbavuni na mgongoni, hadi mama akaja mbio na jembe.

"Ukimgusa tena nakupasua," alimwambia kaka yake. "Kama kuna wa kumpiga, ni mimi."

Mjomba akatupa rungu, akaondoka bila kunywa hata maji. Mama akabaki ameinua jembe juu ya kichwa cha baba. Baba hakujikinga. Nilifumba macho. Nilipofumbua, jembe lilikuwa limezama ardhini, shubiri moja tu kutoka sikioni kwake, na mama amekaa chini, anahema.

"Umezaliwa kweli," alisema. "Lakini bado mchanga. Utalala jikoni."

Mwalimu wa dini alikuwa ametufundisha kwamba kuzaliwa upya ni kwa maji na Roho. Mimi nilishamwona mama akimzaa mdogo wangu, nikajua kuna damu pia.

Baba alilala jikoni masika yote. Hasira haikumwisha. Mara nyingine aliacha chakula ghafla, akaenda msituni kupasua magogo mpaka viganja vikachubuka. Lakini mama hakuguswa tena. Mvua zilipokatika alimwambia ahamishie mkeka wake chumbani, kwa sauti ile ile ya kumtuma kuni.