Makhanu wa Geti la Maziwa

Watu wa soko la Mautuma wana mdomo. Ukitoka kwa wauza omena ukafika kwa fundi wa baiskeli, utakuwa umesikia mara tatu kwamba askari wa kambi ya jeshi wanalala wamesimama kama punda, na kwamba ukitaka kuingia mle ndani, beba tu mkungu wa ndizi useme umetumwa na mpishi. Wanasema hivyo wakicheka, na walinda kambi wamewekwa wote kwenye gunia moja, mzuri na mbaya. Makhanu mwana wa Khisa aliingizwa kwenye gunia hilo bila kosa. Ni vizuri ijulikane alikuwa mtu wa namna gani.

Hakuwa mwanajeshi. Alikuwa raia aliyeandikwa kazi na kambi, na kwa miaka kumi na tisa alisimama geti la nyuma. Watu waliliita geti la maziwa kwa sababu hapo ndipo wanapitianga wenye maziwa, wenye kuni, wapishi na mafundi. Geti la mbele lina bendera na bunduki, na wakubwa wanapigiwa saluti. La nyuma lilikuwa na Makhanu, rungu, filimbi na kufuli. Lakini mwizi mwenye akili haendi kwenye bendera.

Siku moja mtu alikuwa anatoka na debe la maziwa, tupu, amelifunga kwa baiskeli. Makhanu aligonga debe kwa rungu, akasikiliza, akagonga tena. Akamwambia mwenyewe, "Debe tupu linalia. Hili lako linanung'unika." Chini kabisa palikuwa na nyaya za shaba za kambi, zimezungushiwa gunia. Siku nyingine alikuja bwana mmoja wa suti, hana kitambulisho, akamuuliza Makhanu kama anajua anaongea na nani. Makhanu akamjibu kwamba hajui, na ndiyo maana anaomba kitambulisho. Bwana yule alirudi Kakamega mjini na hasira zake. Kesho yake alikuja nacho.

Huyo ndiye mtu ambaye walisema amekimbia.

Mambo yalianza alipoletwa meja mpya wa usalama. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, na kutoka mbali si kosa. Kosa ni kufika kwa watu na usiulize. Alitoa amri kwamba kila anayeingia apekuliwe kwa mikono, mwili wote, si kikapu peke yake. Makhanu aliikubali amri, hata aliona ni nzuri. Wanawake walikuwa wakipekuliwa na Awinja, mwanamke mwenzao, mwenye mikono myepesi na ulimi mzito, na hakuna mama aliyenung'unika.

Halafu kambi ikatangaza siku ya macho. Madaktari wa jeshi wangeangalia wazee wa vijiji vya Lugari bila malipo. Siku hiyo asubuhi wakamtoa Awinja getini, wakampeleka kwenye hema aandike majina ya wagonjwa. Makhanu alimwendea sajini akamwambia wamrudishe, kwa sababu foleni nzima ilikuwa kina mama. Sajini akamwambia apekue tu, hao ni manyanya, nani atamwangalia nyanya vibaya. Makhanu akarudi. Akawa anawaambia wamama watoe vitu wenyewe na kujikung'uta nguo wenyewe mbele yake, mpaka ujumbe ukaja kutoka kwa meja kwamba amri ni mikono. Basi akaanza kutumia mikono, akipapasa mabega na kiuno juu ya leso, uso ameugeuzia ukuta.

Alipomaliza mmoja na kugeuka, aliyefuata alikuwa amekwisha kuinua mikono juu kama alivyoambiwa. Alikuwa Pascalia, mama ya mke wake.

Asiyejua mila ya huku aelewe hili. Mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawashikani mikono, hawali mahali pamoja, wakionana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Makhanu alikuwa amemwoa Gentrix miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kusimama karibu na Pascalia kiasi cha kunyoosha mkono akamfikia. Kama ana neno, analituma kwa Gentrix. Hiyo ndiyo heshima. Ukiivunja, hata ukienda kuomba msamaha utapitia mlango gani?

Na Pascalia hakuwa na kosa. Macho yake yalikuwa na ukungu, ndiyo sababu alikuja. Aliona tu mtu mwenye sare, akainua mikono.

Mkono wa Makhanu ulikuwa njiani. Aliurudisha kama ameguswa na moto. Akaruka nyuma, lakini hakukimbia. Alivuta geti, akapitisha mnyororo, akatia kufuli, akaweka ufunguo mfukoni. Ndipo akaenda nyuma ya kibanda cha askari, akapiga filimbi mara mbili kumwita mwenzake wa zamu, Clifford, aje ashike mahali pake. Clifford alikuwa ameenda kunywa chai. Alichukua muda. Pascalia alipouliza kwa nini geti limefungwa, mama mmoja nyuma yake akamnong'oneza ni nani yuko nyuma ya kibanda. Pascalia akajifunika uso kwa leso, akaacha foleni, akaenda nyumbani bila kuonwa na daktari.

Meja akatokea dakika hiyohiyo. Akakuta geti limefungwa, foleni imefika barabarani, na askari wake amechutama nyuma ya kibanda, uso kwa ukuta. Akamuuliza ni nini. Makhanu akasimama wima.

"Nimeona mkwe, afande."

"Mkwe ni silaha gani?"

Wanajeshi wawili waliokuwa na meja wakacheka, na kicheko hicho kikatoka kambini kabla ya Makhanu mwenyewe. Jioni kilikuwa sokoni. Simiyu, fundi wa baiskeli, akawaambia wateja wake kwamba sasa kambi inalindwa na watu wanaotoroka nyanya, kwa hivyo adui akija tutume wamama wa kanisa. Watu wazima walishika mbavu. Ni walewale wanaoingia kwenye mahindi wakiona wakwe zao. Hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, mimi ningefanya nini?

Makhanu alisimamishwa kazi siku sita, aitwe siku ya saba kujibu shitaka la kuacha kituo chake kwa woga. Akipatikana na kosa, anafutwa, na jina hilo la mwoga linaandikwa kwenye faili. Alimkataza Gentrix kumwambia mama yake. Alisema ataongea mwenyewe. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa hajui ataongea nini, kwa sababu kumtaja mkwe mbele ya wanaume wageni, ueleze jinsi alivyoinua mikono, hiyo nayo ni aibu nyingine. Kufutwa angeweza kuvumilia. Ana shamba, ana ng'ombe wawili. Hilo neno woga ndilo lililomfanya aache sahani ya obusuma, ugali wa huku, bila kuigusa.

Gentrix hakukatazika. Alivuka mto akamwambia mama yake yote.

Siku ya saba Makhanu aliketi kwenye ofisi ya usalama, hatua chache kutoka geti la maziwa. Meja alikuwa mezani na karani wake kando. Dirisha lilikuwa wazi nyuma ya meja. Meja alisoma shitaka akamuuliza ana nini cha kusema. Makhanu akasema alifunga geti. Meja akasema hakumuuliza habari ya geti, anamuuliza kwa nini alijificha. Makhanu akanyamaza. Karani akaandika kunyamaza kwake.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. "Aliyejificha ni huyo, na aliyemfanya ajifiche ni mimi. Niulize mimi."

Makhanu aliijua sauti hiyo. Aliinuka, akageuza kiti, akakaa akitazama ukuta wenye kalenda. Meja akamwambia mama yule azunguke aingie kwa mlango kama watu.

"Siingii," Pascalia akasema. "Mkwe wangu yuko humo. Niko hapa nje nimewapa mgongo, na masikio yangu yanafanya kazi. Sema."

Meja akajaribu kumweleza kwa upole kwamba kambi ina sheria zake. Pascalia akamwambia hata yeye ana zake, na zake ni kubwa kwa umri. Akamwuliza kama yeye meja ameoa. Meja akasema ameoa. Akamwuliza kama ameshawahi kumpapasa mama ya mke wake kiunoni mbele ya watu. Karani akainamia karatasi zake akakohoa sana.

"Mnasema aliacha geti," Pascalia akaendelea. "Siku ile nilisimama mbele ya geti lililofungwa kwa kufuli. Sikupita mimi, hakupita mwingine, hakupita hata kuku. Leo nimetoka sokoni kunoesha kisu changu cha mboga. Nimefika hapo getini, nimemwambia mtu wenu nina kitu kwa kikapu. Awinja hayupo, naye anaongea na simu. Ameniambia pita, nyanya. Nimepita."

Makhanu alisikia chuma kikilazwa juu ya saruji ya dirisha. Hakugeuka. Lakini alijua kwa mlio wake kwamba ni kisu kirefu, na kwamba kimenolewa vizuri.

Mtu angefikiri alifurahi. Hakufurahi. Kitu cha kwanza kilichompanda kichwani ni hasira kwa Clifford, aliyeachiwa geti siku hizo, mtu mzima mwenye watoto watatu, kupitisha kisu kwenye geti la maziwa, kwenye geti lake. Shingo ilimvimba. Alisahau kesi.

Meja alikichukua kisu dirishani akakilaza mezani. Kisha akamwambia karani amwite Clifford, na sauti yake haikuwa ya mchezo. Pascalia akamkatiza. Alisema hakuja kumfukuzisha kazi mtoto wa mwanamke mwenzake. Yeye na mama yake Clifford wanakaa benchi moja kanisani. Alikuja kwa sababu ya neno moja, na neno hilo litolewe.

Meja akamgeukia Makhanu, yaani akaugeukia mgongo wake. "Na kama ni mimi ningekuwa nje siku ile na gari, geti limefungwa?"

"Ungengoja, afande."

"Mimi?"

"Clifford angekuja akufungulie. Lakini ungengoja."

Karani hakukohoa safari hii. Meja akavuta ile karatasi, akaandika, akafuta, akaandika. Akasema Makhanu anarudi kazini, Awinja hataondolewa getini tena, na barua ya onyo itabaki kwenye faili kwa sababu watu walicheleweshwa. Akamsogezea atie sahihi. Makhanu akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Woga ulikuwa umefutwa. Lakini mstari mwingine ulisema aliacha kituo chake.

Akairudisha. "Hapa siwezi kutia sahihi, afande. Sikuacha. Nilifunga."

"Utie sahihi au uache kazi."

Makhanu akatoa kitambulisho chake cha kambi, akakiweka mezani juu ya karatasi, akarudi kutazama kalenda. Meja aliangalia kitambulisho kile, picha ya mtu mwenye nywele nyeusi ambazo sasa zimekuwa kijivu. Akashika kalamu, akakata maneno matatu. Juu yake akaandika: alifunga geti bila ruhusa.

Makhanu akasoma tena. Ilikuwa kweli, ruhusa hakuiomba. Akatia sahihi.

"Ruhusa," Pascalia akaanza huko nje, akiuambia ua wa seng'enge kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. "Mtu aombe ruhusa ya kumheshimu mama ya mke wake. Inaombwa wapi hiyo? Inaandikwa kwa fomu gani?" Halafu akasema anataka kisu chake, mboga hazijikati.

Meja akamwambia kisu ni ushahidi, kitabaki. Pascalia akamwambia ushahidi ameshautoa kwa mdomo, kisu ni cha jikoni. Karani akatazama juu, akatazama chini.

Makhanu akaongea na kalenda. "Afande, kitu anachokuja nacho mgeni kinawekwa getini. Akitoka anarudishiwa. Ndiyo sheria ya geti."

Meja akapumua. Akampa kile kisu Clifford, ambaye alikuwa ameitwa na kufika mlangoni akiwa ameweka simu mfukoni, akamwambia amsindikize mama mpaka nje na amkabidhi huko. Clifford akatembea mbele, Pascalia nyuma akimwuliza kwa nini chai yake huchukua muda mrefu hivyo.

Makhanu alibaki anatazama ukuta mpaka hatua zilipoisha. Alisikia geti likivutwa, mnyororo ukipita, kufuli likibanwa. Kufuli la geti la maziwa limezeeka, hubanwa mara mbili ndipo likamate. Clifford alilibana mara moja.

Makhanu akachukua kofia yake, akamwomba meja ruhusa, akatoka mbio.