Dawa Aliyoipumzisha

Atupokile hakuwahi kujifunza kukaa. Kabla moyo haujamwangusha, asubuhi ilimkuta shambani kwake Ikuti akichuma chai, mchana ukamkuta kwenye migomba, na jioni majirani walimsikia akigombana na kuni. Kisha akapelekwa Dar es Salaam, madaktari wakapenyeza mrija mwembamba wa waya kwenye mshipa wa moyo wake ili damu ipite, wakamrudisha nyumbani na agizo la kupumzika. Alipumzika kwa kuizunguka nyumba. Alihamisha mafiga, akayarudisha. Alifagia uwanja ambao mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa ameshaufagia.

Kidonge alikimeza kila siku bila matata. Kilikuwa cha kuzuia damu isigande ndani ya ule mrija, na walimwonya asikiache mpaka wao wenyewe wamwambie. Hakukiacha, mpaka baada ya msiba uliotokea kijiji cha Mpuguso.

Kwenye msiba ule wanawake walikaa kuzunguka lundo la ndizi mbichi, kila mmoja na kisu chake. Atupokile akajikata kidole gumba. Ulikuwa mkato mdogo tu, wa kufuta na kuendelea, lakini damu haikukoma. Ilichuruzika kwenye kanga na kwenye ndizi zilizokwisha kumenywa. Akafunga kitambaa, kikalowa. Ndizi zikamwagwa.

"Damu ya wifi yangu haina breki!" alisema Felista, dada wa marehemu mumewe, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupewa likizo.

Watu wakacheka, msibani hapohapo. Mwanamke aliyekaa jirani na Atupokile akavuta kigoda chake pembeni, polepole, huku akimtazama kwa jicho la mtu anayejiuliza ni ugonjwa gani huo. Kicheko Atupokile angekisahau. Kile kigoda hakukisahau.

Sasa ilikuwa zamu ya sherehe ya kumuaga Gloria, binti wa Felista, anayeolewa. Jumamosi ndizi zingemenywa tena, na nyingi kuliko za msibani. Mke wa mjomba wa bibi harusi hawezi kukaa mikono mapajani wenzake wakimenya. Wangemwimba kabla hata chakula hakijaiva. Atupokile aliliwaza jambo hilo akitembea, akalala nalo, akaamka nalo. Jumanne akapata dawa yake mwenyewe: kile kidonge akipumzishe kidogo. Damu irudi kuwa nzito kama ya watu wengine, amenye ndizi za watu, kisha Jumapili aendelee. Akaitia paketi kwenye mkoba wake ili mkwewe asije akaona kwamba vidonge havipungui.

Ijumaa aliteremka Tukuyu kununua kitenge cha zawadi. Mvua ilikuwa ikinyesha, ile nyembamba isiyo na haraka, na magoti yalimuuma. Aliingia duka la dawa akiwa bado anakung'uta mwavuli.

"Nipe diklofenaki ya maumivu, mwanangu. Kesho nitakaa chini siku nzima."

Muuzaji, dada mpole aitwaye Prisca, alishika paketi lakini hakuisogeza. "Shikamoo, mama. Kuna dawa nyingine unatumia?"

"Marahaba. Hakuna. Nilikuwa na ya moyo, nimeipumzisha."

"Umeipumzisha?"

"Kidogo tu. Mpaka Jumapili."

"Nani kakwambia uipumzishe?"

"Nani wa kuniambia? Mimi ni mtoto?"

Prisca aliirudisha paketi kabatini. "Mama yangu, naomba ukae."

"Sikai. Nawahi gari."

"Basi simama, lakini usiondoke. Una namba ya daktari wako?"

Atupokile alitaka kutoka. Mguu mmoja ulikwisha kufika kizingitini. Lakini uso wa yule binti ulikuwa umebadilika, ukawa kama uso wa mtu aliyeona mtoto karibu na kisima, na hilo likamtia hofu kuliko maneno. Akatoa simu. Daktari wa kliniki ya moyo, Mbeya, alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito isiyopanda.

"Umeacha kwa sababu gani, mama?"

"Kuna ndizi," alisema Atupokile.

Ikabidi aeleze yote: kidole, kitambaa, kigoda. Alieleza akienda na kurudi mbele ya kaunta, mwavuli ukidondosha maji sakafuni.

"Nimekuelewa," alisema daktari. "Sasa nisikilize. Kidole kikitoka damu, unakibana kwa nguvu, hukiachii kila mara kuchungulia, na mwisho kinanyamaza. Mrija wako bado mpya. Damu ikiganda pale, moyo unaziba, na hakuna kitambaa cha kuufunga. Unaanguka juu ya hizo ndizi. Kifua kinauma?"

"Hakiumi." Akajisikiliza. "Nadhani hakiumi."

"Meza kimoja sasa hivi. Usimeze vya siku ulizoruka, kimoja tu, na kesho uendelee. Jumatatu uje nikuone. Kifua kikibana kabla ya hapo, usisubiri Jumatatu, nenda hospitali mara moja. Na hiyo diklofenaki uiache hapo dukani. Ukiichanganya na dawa yako inaweza kukutoa damu tumboni. Ukipata choo cheusi kama lami, tupigie. Hata mng'oa meno, kabla hajakugusa, mwambie unatumia nini. Kuacha dawa ni sisi tunaamua, mama, pamoja na wewe. Siyo ndizi."

Prisca akampa maji. Atupokile akameza amesimama.

Usiku ule hakulala vizuri. Kila akigeuka alikisikiliza kifua chake kama mtu anayesikiliza nyayo nje. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kwa Felista, na wa kwanza kukosa mahali pa kuiweka mikono. Wanawake wakajaa, visu vikatoka. Felista akamnyooshea kimoja, mpini mbele.

"Ugwe, wewe wifi, leo breki zipo?"

Watu wakaanza kucheka. Atupokile hakukipokea.

"Hazipo," alisema. Akapandisha sauti. "Nina waya kwenye moyo. Nakunywa dawa inayozuia damu kuganda. Nikiiacha, nakufa. Wiki hii niliiacha kwa ajili ya visu vyenu hivi. Siiachi tena."

Kicheko kilikatika. Aliyekuwa na ndizi mkononi akaishika tu.

"Uliacha dawa ili uje kumenya kwangu?" Felista aliuliza.

"Ndiyo."

"Mwanamke huyu! Ungenifia kwenye sherehe ya mwanangu, wageni wale nini?" Akamshika mkono, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akamvuta mpaka kwenye mabeseni. "Kaa hapa, osha. Na mwenye neno juu ya wifi yangu aje anieleze mimi."

Maji yalikuwa baridi, na utomvu ukayageuza rangi. Atupokile aliosha, akasuuza, akainuka kumwaga, akarudi. Jumatatu ilikuwa bado mbali. Kila alipoinama alisita kidogo, akasikiliza ndani, halafu akachukua ndizi nyingine.