Paa la Inchi Nne

Fundi wa magari ya kale pale mjini Burbank hupima kwa kiganja kwanza, ndipo achukue futi. Wenzake walipokimbilia mitindo mipya, yeye alirudia ya baba zao: gari lake la Ford la mwaka 1932 alilikata nguzo za paa, akalishusha paa inchi nne, likainama kama kofia iliyoshushwa usoni. Sasa mgongo wake umekakamaa kwa uzee, haupindiki, na kesho ni safari ya kwenda kwenye mbio za magari za jangwa la chumvi, tambarare tupu. Mara tatu alijaribu kuketi ndani, kichwa kikagonga paa.

"Liinue paa, mzee mwenzangu," akasema jirani yake, Delmar.

"Paa halina kosa." Fundi akashika spana, akang'oa kiti, akakunja blanketi sakafuni, akaketi. Akapima kati ya utosi na paa: nafasi ya vidole viwili.

"Na mbele utaonaje?"

"Kwenye chumvi hakuna kona."