Mbweha wa Idella

Idella Prather amekuwa akija mlimani kwetu kila Septemba kwa miaka kumi na minne, na miaka yote hiyo sijamwona akiomba msaada wa mtu. Ukimshika mkono kwenye ngazi anakutazama kama umemwibia. Ni mchoraji wa vitabu vya watoto. Alizaliwa Kansas, kwenye mashamba ya ngano, akaanza kazi kwa kuchora kuku kwenye matangazo ya chakula cha mifugo. Aliolewa na mwalimu wa hesabu, wakaachana bila kelele, na hakuolewa tena kwa sababu, anavyosema mwenyewe, mume hukaa palepale penye mwanga mzuri. Vitabu ishirini na kimoja vina jina lake.

Mimi ni mpishi wa nyumba ya magogo iliyo juu kidogo ya mji wa Mora, New Mexico. Wachoraji huikodi wiki nzima. Zamani walikuwa saba, sasa wamebaki watatu: Idella, Corliss Wynn na Rudy Abeyta. Corliss anachora maua na wadudu, na hawezi kuona kijiko kimelala upande akakiacha. Rudy ni mtu wa hukuhuku, anachora katuni, anaongea kuliko redio. Mchana kila mtu na karatasi yake, hakuna kusemeshana. Jioni wanatundika kazi ya siku kwenye kamba ya ukutani sebuleni kwa vibanio vya nguo. Sheria aliitunga Idella: hakuna kusifu, hakuna kuponda. Unauliza tu, na mwenye picha lazima ajibu.

Mwaka jana Idella alifika na picha sita zilizobaki za kitabu cha ishirini na moja, habari za mbweha mwekundu anayehama msitu. Siku ya kwanza niliweka mezani mabakuli mawili ya mchuzi wa pilipili, nikauliza ninavyouliza kila siku: mwekundu au wa kijani?

"Mwekundu," akasema, akajichotea wa kijani mpaka sahani ikajaa.

Asubuhi nikamkuta jikoni peke yake, nikamwekea nyanya mbili mbele yake.

"Ipi imeiva?"

Akaziangalia nyanya. Kisha akaniangalia mimi. "Femia, una roho mbaya."

"Ninayo. Ipi imeiva?"

Akaiminya ya kushoto kwa kidole. "Hii."

"Hapo umeminya, hujaona."

Akavuta kiti akakaa. Daktari alishamwambia kuwa ugonjwa uko nyuma ya jicho na hauna upasuaji. Mistari anaiona vizuri, hata unyoya mmoja wa mbweha, ila nyekundu na kijani zimekuwa kitu kimoja, rangi ya matope.

"Sasa unapakaje?"

"Kwa mahali. Kisanduku changu nakijua kama wewe unavyolijua jiko lako. Rangi ya mbweha iko safu ya pili, ya tatu kutoka kushoto. Miaka thelathini haijahama."

"Na wenzako?"

"Wakijua hawa, mchapishaji atajua. Akijua yeye, nani atanipa tena kitabu cha rangi? Niache nimalize hizi sita, Femia. Sita tu, halafu nife zangu."

"Hapa usife. Nimeshafua mashuka."

Siku ya tatu kichwa kilimuuma, maana hewa ya huku juu ni nyepesi. Akameza dawa akaenda kulala, kisanduku akakiacha sebuleni. Nilipopita nikamkuta Corliss ameketi nacho, kitambaa mapajani, vidonge vyote vya rangi vimetolewa na kupanguswa, anavirudisha kimoja kimoja.

"Hicho si chako," nikamwambia.

"Najua. Lakini ungekiona, masikini! Nyekundu kando ya kahawia, bluu katikati, kama droo ya mlevi. Nimempangia kwa mfuatano wa upinde wa mvua. Usimwambie, nataka ashtukie mwenyewe."

"Virudishe kama vilivyokuwa."

"Vilivyokuwa vipi? Hapakuwa na mpango wowote, dada."

Nikaamua nitamwambia Idella akiamka. Kumbe mayai yamekwisha, nikashuka Mora, dukani nikakuta foleni. Niliporudi jioni Idella alikuwa ameshaamka, ameshapaka, ameshatundika.

Mbweha alisimama kwenye theluji, mkia juu, kila unyoya mahali pake, na mwili mzima wa kijani kama majani ya Mei.

Rudy akausogelea ukuta, mikono nyuma. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Aisee," akasema mwishowe. "Swali."

"Uliza, kasuku wewe."

"Kijani hiki umekipataje?"

"Kijani kipi?"

"Cha mbweha."

Idella akacheka kidogo, kisha akaacha. Aligeuka akaitazama picha yake. Angeweza kusema alikusudia. Rudy alikuwa ameipenda, kila mtu alimwona, angeamini chochote. Nilimtazama Idella nikajua analipima hilo. Lakini Rudy angeuliza la pili, na la tatu, na yeye angelazimika kujibu yote.

"Sikujua kuwa ni kijani," akasema.

Corliss akajiziba mdomo. "Ni mimi. Mungu wangu, Idella, nilikipanga kisanduku chako. Niliona..."

"Uliona fujo."

"Nisamehe, shoga yangu."

"Nikusamehe nini? Umepanga rangi. Asiyeziona ni mimi." Akawaambia yote, kwa kifupi, kama anayesoma orodha ya duka.

"Bado hakuna anayechora kama wewe," Rudy akasema.

"Hilo si swali, Rudy. Kaa."

Asubuhi alikwenda kwenye kona ya barabara, pale simu inaposhika, akampigia mchapishaji mwenyewe. Corliss alimfuata kwa nyuma, hatua kama ishirini. Jibu lilikuwa moja: kitabu kiendelee, ila rangi apake mtu mwingine, na Idella amtaje kabla ya Ijumaa au ofisi imchague.

"Si Rudy yupo?" nikamuuliza alipoingia jikoni.

"Rudy atamvalisha mbweha miwani."

Akabaki Corliss. Siku zilizosalia walikaa meza moja, Idella na wino, Corliss na brashi.

"Hapo pawe moto zaidi."

"Pako moto."

"Vuguvugu. Nimesema jioni, wewe unanipa mchana."

"Idella, hapa imebaki nyekundu peke yake."

"Usinitajie majina. Inaunguza au haiunguzi?"

Walinuniana mara mbili, na chakula changu kikapoa mezani. Corliss alilia mara moja, akanawa uso, akarudi kukaa. Rudy aliiomba picha ya mbweha wa kijani. Akanyimwa.

Kitabu kilitoka majira ya kuchipua. Kitabu kingine cha rangi Idella hajapewa, kama alivyojua. Amepewa kimoja cha wino mtupu, kurasa chache. Juzi alinipigia kusema Septemba anakuja. Nikamuuliza kama anamleta Corliss.

"Simleti. Ana miguu," akasema. "Na jina lake liko kwenye jalada, dogo kuliko langu. Niliomba yote mawili."